Khabari ya Kichocho na Hukumu ya Kukojoa Majini

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni yakawa uhai wa kila kiumbe na tohara ya kila mwenye kusali. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, aliyewafundisha watu adabu za kila jambo, hata adabu za kwenda haja, na ziwashukie Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika fikihi, mlango wa kwanza anaofunguliwa mtoto ni mlango wa maji. Kabla hajazijua nguzo za sala hukaririshwa ya kuwa maji yakitimia kullateni hayanajisiki, ila yakigeuka rangi yake au tamu yake au harufu yake. Na yakipungua kullateni hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu. Kila aliyekaa chuoni anayo mas-ala haya moyoni. Lakini wako wengi walioyashika nusu. Husimama mtu juu ya ukingo wa mto wa bondeni akakojoa majini, na akiambiwa, "Bwana we, mbona wakojoa katika maji ya watu?" hujibu, "Maji haya ni mengi, yamepita kullateni, hayanajisiki." Jawabu hilo ni sahihi kwa upande wa tohara, na kwa upande wa dhara ni kosa kubwa. Kwani swali la tohara ni moja na swali la dhara ni jingine, na Sharia imeyajibu yote mawili.

Dalili ya hayo haiko mbali. Imo katika mlango huo huo wa maji. Mafakihi wa Kishafi walipoyagawa maji walitaja fungu la maji yaliyo tohara, yenye kutoharisha, na juu ya hayo ni makuruhu kuyatumia mwilini, nayo ni maji yaliyopashwa moto na jua katika vyombo vya madini. Kwa nini yakawa makuruhu, na hali hayana najisi? Imamu Shafi mwenyewe katika Al-Umm aliitegemeza karaha hiyo juu ya utabibu, si juu ya najisi: ilisemwa kuwa maji hayo huleta mbalanga. Na Imamu Nawawi katika Al-Majmuu hakuikubali karaha hiyo, kwa kuwa hakuona dhara hilo limethubutu. Tazama basi walivyokhitalifiana. Mmoja amesikia dhara, akayakirihi maji. Wa pili hakuona dhara, akayaachilia. Hapana hata mmoja wao aliyesema ya kuwa dhara likithubutu halina hukumu. Na dhara la maji ya bondeni yaliyokojolewa limethubutu kwa macho ya matabibu na kwa damu ya watoto.

Dhara lenyewe ni kichocho. Nacho ni maradhi ya minyoo midogo, urefu wa sentimita moja au mbili, inayokaa katika mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu cha mkojo. Dume ana mfereji mwilini mwake, na jike hukaa ndani ya mfereji huo wasiachane. Huishi ndani ya mtu miaka mitatu hata kumi, na mingine zaidi ya hapo. Jike hutaga mayai kwa mamia kila siku, na yai lina mwiba mkali mwishoni mwake, ndio unaochana ndani ya kibofu hata mtu akakojoa damu. Mayai mengine hutoka na mkojo. Mengine hukwama nyamani, yakafanya vidonda kisha makovu. Mwenye kukaa nayo miaka mingi huweza kuharibikiwa na njia za mkojo na figo, na wengine hupatwa na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 matabibu wanaochunguza asili za saratani ulimwenguni walikata shauri ya kuwa mnyoo huyu ni miongoni mwa vyenye kuileta, pasi na shaka.

Yai likianguka nchi kavu hufa. Likianguka katika maji ya tamu hupasuka, kikatoka kidudu kisichoonekana kwa macho, kikaogelea kumtafuta konokono. Kikimkosa, hakimalizi siku mbili. Na konokono mwenyewe ni mdogo, hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, yenye majani ya kujishika. Kikishaingia ndani yake, kidudu kimoja huzaa maelfu, na baada ya majuma kadha hutoka vidudu vyenye mkia wa panda, vikaelea majini vikingoja ngozi ya mtu. Havihitaji jeraha wala kunywewa. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, mtu asihisi ila pengine mwasho.

Kwa hiyo kichocho hakimpati mtu kwa kukaa na mgonjwa, wala kwa kula naye, wala si jicho, wala si uchawi. Hutoka kwa mkojo wa mtu huyu kikaingia kwa ngozi ya mtu yule, na baina yao yapo maji na konokono. Tena katika ajabu zake, mayai hutoka kwa wingi katika mkojo baina ya saa nne na saa nane mchana, na konokono naye huvimwaga vidudu vyake kwa wingi saa hizo hizo. Nazo ndizo saa za watoto kuoga, na wanawake kufua, na mkulima wa mpunga kushuka mtoni kutia udhu wa adhuhuri.

Maradhi haya ni ya kale. Mwaka 1910 tabibu mmoja aitwaye Ruffer aliyaona mayai yake katika figo za maiti wawili wa Misri waliokaushwa zama za Firauni, zaidi ya miaka elfu tatu nyuma. Mwaka 1851 Mjerumani Theodor Bilharz alimwona mnyoo mwenyewe katika maiti, mjini Kairo. Lakini njia anayoingilia haikujulikana, na wengine wakadhani hunywewa, mpaka mwaka 1915 Mwingereza Leiper alipothibitisha, huko huko Misri, ya kuwa yumo konokono baina ya mtu na mtu. Ilipita basi miaka 64 watu wanamjua adui wala hawaujui mlango wake.

Na mlango huo ulikwisha kukatazwa zamani. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa Abu Huraira (R.A.), ya kuwa Mtume (S.A.W.) amemkataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama kisha akaoga humo. Na katika Muslim, kwa Jabir (R.A.), limepokewa katazo la kukojoa katika maji yaliyosimama, bila kutajwa kuoga. Na Abu Daud amepokea, kwa Muadh (R.A.), tahadhari ya mambo matatu yanayomletea mtu laana, na la kwanza lake ni kwenda haja mahali watu wanapochota maji. Hadithi hizi zilisomwa Misri zaidi ya miaka elfu, zikasherehewa katika darsa za Azhar, na mkulima aliye hatua chache kutoka mji ule alikuwa akikojoa katika mfereji wa shamba lake na mwanawe akioga chini yake. Hana haja Muislamu ya kudai kuwa hadithi ilimtaja konokono, kama wapendavyo kusema baadhi ya wahubiri wa siku hizi. Katazo limetangulia, na moja katika sababu zake likajulikana baadaye, hilo latosha.

Ama hukumu yake katika madhehebu, Imamu Nawawi ameieleza katika sherehe yake ya Muslim. Maji machache, aliyochagua yeye ni kuwa kukojoa ndani yake ni haramu, kwani mtu huyanajisi na kuwaharibia wengine. Maji mengi yaliyosimama, masahibu wa Shafi walisema ni makuruhu; naye akaongeza kuwa lau itasemwa ni haramu haitakuwa mbali. Maji mengi yaendayo, si haramu, lakini kuyaepuka ni bora. Haya aliyasema mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, asiyejua lolote katika khabari ya mnyoo. Akiwa yeye aliikaribia haramu kwa sababu ya uchafu tu, asemeje mwenye kujua kuwa mkojo wake una mayai, na mayai yana konokono, na konokono ana mtoto wa jirani? Kaida ya kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana yaikata khitilafu hapa. Karaha iliyo katika vitabu ni ya mtu asiyejua. Ajuaye ana kichocho, au anakaa katika nchi ya kichocho naye hajapimwa, kukojoa kwake katika mto wa watu ni kuwadhuru watu, na kuwadhuru watu hakukuhalalishwa na madhehebu yoyote. Mtu hujihadhari sana mkojo usimrukie nguoni, naye hafanyi vibaya, kwani yamepokewa makali juu ya asiyejikinga na mkojo. Lakini kumbe nguo ya mtu imekuwa na haki kuliko ngozi ya mwenziwe?

Watu wa pwani wengine husema, haya si mambo yao, wao ni watu wa bahari. Kweli, maji ya chumvi hayana kichocho, kwa kuwa konokono wake hakai humo. Mvuvi hapatwi kwa kuzamia wala kwa kukokota juya. Lakini ni wavuvi wangapi wasio na konde ya mpunga bondeni, au mke anayefua mtoni? Tazama kisiwa cha Unguja. Kusini, upande wa Makunduchi, nchi ni ya mawe, haina mito, na kichocho hakina makao. Kaskazini na katikati, pande za Kinyasini na Chaani, iko mito na mabwawa, na kichocho kipo. Pemba, kwa wingi wa mabonde yake, kimeenea zaidi. Na katika bara iliyokabili visiwa hivi, Kwale na Tanga na ukingo wa Mto Tana, hali ni hiyo hiyo. Konokono hauliza kabila la mtu wala kazi yake.

Wako wazee waliodhani kuwa kijana kukojoa damu ni dalili ya kubaleghe. Dhana hii ilikuwako katika nchi nyingi, na imewaua watu, kwani baba akiiona damu ya mwanawe hucheka badala ya kumpeleka hospitali. Na kijana mwenyewe akishakua huona haya kusema. Haya ni katika imani, lakini haya ya kumficha tabibu maradhi si hiyo.

Na lipo jambo ambalo wanaume hawaambiwi, na laiti wangeambiwa. Mayai ya mnyoo huyu hayakwami katika kibofu peke yake. Kwa mwanamke hukwama pia katika tupu yake na katika mlango wa kizazi, yakaleta vidonda, na kutokwa na damu isiyo ya hedhi, na maumivu katika tendo la ndoa, na pengine utasa. Alama hizi hufanana na za maradhi ya zinaa. Mke ameshuka mtoni miaka ishirini kuchota na kufua na kupanda mpunga wa nyumba hiyo hiyo. Siku alipotokwa na damu, mume akamdhania alivyomdhania. Au ameolewa miaka mingi hakuzaa, akaachwa kwa jina la utasa, na maradhi ni ya maji aliyoyachota kwa ajili ya mumewe. Mwenyezi Mungu ameamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwani katika dhana ziko zilizo dhambi. Mume aliyefikwa na haya, wajibu wake ni kumpeleka mkewe kwa tabibu na kuitaja khabari ya mto, maana hata baadhi ya matabibu huisahau. Na wanaume nao haiwaachi. Mayai huweza kuziingia sehemu zao za uzazi.

Ama dawa, ipo, nayo ni nyepesi. Huitwa prazikwanteli, vidonge vya kumeza, kwa kipimo cha miligramu arubaini kwa kila kilo ya uzito. Kidonge kikiwa cha miligramu mia sita, mtu wa kilo sitini humeza vinne kwa mara moja. Humezwa baada ya chakula, kwani akiimeza mtu na tumbo tupu humtia kichefuchefu na kizunguzungu. Na mwenye minyoo mingi huweza kuumwa na tumbo siku ile, na hayo hupita. Kwa hiyo wakija wagawaji mwezi wa Ramadhani, hapana haja ya kuikataa dawa wala ya kula mchana. Ni kuichukua na kuimeza usiku baada ya kufuturu.

Kujitibu katika madhehebu ya Shafi ni sunna, wala si wajibu, na wako wanaolishika hilo wakasema, "Mimi nimetawakali." Tawakali yake ni juu ya mwili wake. Lakini mwenye kichocho ni mwenye kubeba mbegu ya maradhi ya wengine, na kuzuia dhara lisiwafikie watu ni wajibu juu yake. Basi na achague: ama ameze dawa, ama ajizuie kabisa asiweke tone la mkojo katika maji yoyote ya watu, na la pili ni zito kuliko vidonge vinne.

Wengine huikataa kwa uvumi. Mwaka 2008 zilizuka fujo huko Morogoro wakati dawa hii ilipogawiwa mashuleni. Watoto waliona kizunguzungu, wazazi wakaambiana kuwa wanao wamepewa sumu. Na sababu iliyo kubwa ni njaa: mtoto ameondoka nyumbani hakula, akamezeshwa. Mwenyezi Mungu ameamrisha khabari ipelelezwe kabla ya kutendewa kazi, wasije watu wakawadhuru wengine kwa ujinga, kisha wakajuta. Atakaye kupeleleza na amwulize tabibu, na asubuhi ya siku ile amlishe mwanawe vizuri.

Wala dawa peke yake haimalizi. Humuua mnyoo mpevu, haimpati vizuri mchanga, wala haimkingi mtu asiingiwe tena jioni yake akirudi mtoni. Unguja na Pemba yamejaribiwa haya. Tangu mwaka 2012 dawa iligawiwa kwa wingi mashuleni na majumbani, na katika baadhi ya shehia konokono wakauawa kwa dawa, na katika nyingine watu wakafundishwa. Maradhi yakashuka sana. Dawa ilipositishwa kwa muda baada ya mwaka 2017, yakapanda tena katika baadhi ya pahali, kwa kuwa konokono walikuwapo na watu waliendelea na ada zao. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni, mwaka 2021 waliohitaji dawa hii ulimwenguni walikuwa zaidi ya milioni 251, na waliopewa walikuwa milioni 75 na kitu. Lakini Moroko, nchi ya Kiislamu, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani yake alionekana mwaka 2003. Haliwezi basi kusemwa kuwa ni jambo lisilowezekana.

Litakiwalo kwa watu wa bondeni si kubwa. Mtu akienda haja na aende mbali na maji, nchi kavu, pasipotiririka mvua ikashuka mtoni. Wengi hukaribia mto kwa ajili ya kutamba, akaingia mtu majini, au akachutama ukingoni, na matone yote yakarudi majini. Sharia imemtoa katika dhiki hii: mawe matatu makavu ya tohara yenye kusafisha yanatosha, hata kama mto upo mbele yake. Akipenda maji, na ateke kwa kopo, apande nayo juu, atambe huko. Kila shamba la mpunga lingekuwa na choo chake, sadaka hiyo ingekuwa ya kuendelea, na pengine ina thawabu kuliko mazulia yanayorundikwa misikitini.

Maji ya kuogea na kufulia ni bora yatoke kisimani au katika mfereji wa bomba. Yasipopatikana ila ya mtoni, yachemshwe, au yatiwe katika pipa safi lisilo na konokono wala majani, lifunikwe, yakae siku mbili; vidudu vyote vilivyomo hufa kwa kukosa ngozi. Mwenye kuingia bondeni kwa kazi, mapema asubuhi ni salama kidogo kuliko mchana, wala si salama kabisa. Na wasimamizi wa misikiti ya mashamba nao wayatazame mabirika yao. Huko Yemen, ambako wametoka masharifu na mashekhe wengi wa pwani hii, mabirika ya udhu yalionekana yana konokono wenye maradhi, watu wakiingia kutawadha wakitoka na kichocho. Birika lililojazwa kwa maji ya kisima, likakwanguliwa mwani kila mara, na watu wakateka kwa kata badala ya kutia miguu ndani, halina khofu hiyo.

Limebaki swali la msafiri au mkulima aliyefikiwa na wakati bondeni, hana ila maji ya mto ujulikanao kwa kichocho. Je, atayamamu? Ikiwa yamkinika kuyapasha moto kabla wakati haujatoka, au anayo maji yaliyokaa, hana ruhusa, kwani dhara limeweza kuondolewa na maji yapo. Ikiwa hayamkiniki, na tabibu mwaminifu amemjulisha kuwa maji yale humdhuru, huingia katika hukumu ya mwenye kukhofu maradhi kwa kutumia maji, naye atayamamu. Lakini haya ni kwa dharura ya siku moja. Aliye na konde pahali pale kila msimu hana udhuru wa kutayamamu mwaka mzima na hali aweza kubeba dumu la maji kutoka nyumbani, kama anavyobeba jembe.

Wallahu aalam.